Nongoloza na Watu wa Namba

Kusini mwa mji wa Johannesburg kuna safu ya vilima iitwayo Klipriversberg, yenye mawe mengi na mapango, ambayo leo imezungukwa na nyumba na barabara, lakini ambayo katika miaka ya 1890 ilikuwa maskani ya watu waliokataa kuwa vibarua wa migodi na watumishi wa majumbani, wakajifanyia huko dola yao wenyewe yenye mfalme, majemadari, makadhi na matabibu. Dola hiyo ilikwisha kuvunjwa zamani, wala hakuna mtu aliye hai aliyepata kuiona kwa macho yake; hata hivyo vyeo vyake vingali vikitajwa usiku katika magereza ya Afrika Kusini, na wafungwa ambao hata babu zao walikuwa hawajazaliwa ilipoasisiwa hujihesabu kuwa askari wake. Tarihi yake imeandikwa na wanazuoni na kusimuliwa na wahalifu, na wengi walioisikia wamependa kutazama damu iliyomwagika na ushupavu wa uasi wenyewe. Nami nataka kutazama upande mwingine, ambao kwa maoni yangu ndio wenye mafunzo makubwa zaidi kwetu, yaani habari ya namna mtu anavyotoka katika genge baada ya kifungo, na ya kile ambacho wanadamu wenzake humpa au humnyima siku anapotoka. Kwa kuwa yule yule aliyeiasisi dola ya vilimani ndiye pia aliyeiacha mbele ya watu wote, na kuachana kwake nayo kumesahauliwa.

Mtu huyo jina lake la kuzaliwa lilikuwa Mzuzephi Mathebula. Alizaliwa mwaka 1867 katika nchi ya Wazulu, miaka 12 kabla Waingereza hawajaiangusha dola ya Mfalme Cetshwayo, akakulia katika zama ambazo ardhi ya wenyeji ilikuwa ikipunguka mwaka hata mwaka, na familia nyingi zikawa zinaishi katika mashamba ya walowezi kwa sharti la kuyatumikia. Alipokuwa kijana aliajiriwa na mzungu mmoja kutunza bustani na farasi. Siku moja farasi akapotea, na ingawa kijana alijitetea kwamba wakati ule alikuwa amepewa kazi ya bustani, wala hakuwa na njia ya kuwa mahali pawili kwa saa moja, bwana wake alimtia hatiani akamwamuru ailipe thamani ya mnyama huyo kwa jasho lake, atumike muda mrefu pasipo ujira. Hapakuwa na kadhi wa kumwendea, kwani mahakama zilikuwa za mabwana. Mwanahistoria Charles van Onselen, ambaye ndiye aliyetafiti maisha ya mtu huyu kwa undani kuliko wote, alipotoa kitabu chake mwaka 1984 alikipa jina linalotokana na kisa hicho kidogo cha farasi, na alifanya vyema, maana dhuluma ambayo kwa mdhulumu ni jambo la asubuhi moja, aghalabu kwa mdhulumiwa huwa ndiyo njia panda ya aushi yake yote.

Mathebula hakulipa. Alifunga safari kwenda Johannesburg, mji uliokuwa umechipuka ghafla baada ya dhahabu kugunduliwa Witwatersrand mwaka 1886, na huko akabadili jina akajiita Jan Note, ili asipatikane na yule anayemdai. Akapata kazi kwa wazungu fulani ambao mchana walikuwa waungwana na usiku walikuwa wanyang'anyi wa njiani, wakiyavizia magari ya farasi yaliyochukua abiria na fedha. Nao ndio waliokuwa walimu wake katika fani ya uhalifu. Alipokwisha kuijua kazi alijitenga nao akaelekea vilimani, ambako tayari walikuwapo wakimbizi wa kila namna, waliotoroka migodini, waliotoroka waajiri, na waliotoroka polisi, wakiishi kwa kuwanyang'anya maskini wenzao waliokuwa wakirudi makwao na mshahara. Hao ndio aliowakusanya na kuwafanya jeshi.

Hapo ndipo ilipodhihiri akili ya mtu huyu, ambayo lau ingepewa uwanja wa halali ingeweza kumfanya gavana au amiri wa jeshi la nchi. Alitwaa mpango wa vikosi vya kijeshi vya Wazulu, akauchanganya na vyeo vya jamhuri ya Makaburu aliyoiona mbele yake, akajiweka mwenyewe juu kama mfalme, na chini yake akasimamisha jemadari, makanali, makapteni na masajini, na hakimu wa kuhukumu wakosaji, na tabibu wa kuwapima walioumia. Watu wake waliitwa kikosi cha vilimani. Akatafuta na jina la heshima, akalipata katika Biblia: alikuwa amesoma habari za Ninawi, mji mkuu ulioasi amri ya Mwenyezi Mungu, na kwa kuwa yeye na watu wake walikuwa waasi wa sheria za serikali, akaona jina hilo linawafaa. Kila aliyelelewa katika dini, awe Mwislamu au Mkristo, anaijua habari hiyo ya Nabii Yunus, ambaye wengine humwita Yona, na anajua kwamba haiishii katika uasi. Watu wa mji ule walitubu na wakasalimika. Lakini Jan Note, ambaye sasa aliitwa Nongoloza, alikuwa amechukua nusu ya kwanza tu ya kisa, na ile nusu ya pili ilikuwa ikimngojea mbele ya safari.

Majambazi wa porini hawadumu isipokuwa wawe na ngome, na ngome ya watu wa Ninawi ilijengwa na serikali yenyewe. Migodi ilihitaji wafanyakazi wengi kwa ujira mdogo, na ili wasihame wapendavyo kuliwekwa sheria za pasi, ambazo zilimlazimu kila mwanamume Mwafrika kuchukua karatasi zake popote aendapo, jambo ambalo wazee wa Kenya waliochukua kipande shingoni baada ya Vita Kuu ya Kwanza hawahitaji kuelezwa. Asiyekuwa na karatasi alifungwa. Basi mtu aliyesahau pasi yake nyumbani, au aliyeondoka kwa mwajiri aliyempiga, alilala chumba kimoja na mnyang'anyi na muuaji, makumi ya watu sakafuni, na mlango ukishafungwa jioni hapakuwa na askari aliyeingia hata alfajiri. Katika giza hilo mwenye jeshi ndiye mwenye amri. Mohandas Gandhi, alipofungwa Johannesburg mwaka 1908 kwa kupinga sheria zilizowabana Wahindi, aliandika jinsi alivyokesha kwa hofu usiku aliowekwa pamoja na wafungwa wakali. Naye Nongoloza, aliyeingia na kutoka vifungoni mara kwa mara na mwisho akapewa kifungo kirefu, aligundua kwamba kuta za gereza hazikumzuia kutawala. Kinyume chake zilimletea askari wapya kila siku pasipo kuwatafuta, zikawafundisha utii, na walipohamishwa kutoka gereza hili kwenda lile zikawasafirisha na habari zake bila gharama yoyote. Akiwa ndani aliendelea kuwaamrisha walio nje, na jina lake likaenea Transvaal yote na kupita mipaka yake.

Mwaka 1910 makoloni manne yakaunganishwa kuwa Muungano wa Afrika Kusini, na mwaka uliofuata ikatungwa sheria mpya ya magereza, iliyoleta matumaini ya mfungwa kupunguziwa muda kwa tabia njema na kuachiliwa kwa majaribio. Mkurugenzi wa Magereza alikuwa Jacob de Villiers Roos, aliyekuwa amechoshwa na jeshi lile lililojificha chini ya mamlaka yake, naye akaona kwamba halitavunjika kwa viboko na chakula cha adhabu, ambavyo vilikwisha kujaribiwa miaka mingi vikazidi kulikaza. Katika gereza la Pretoria palikuwa na askari mmoja aitwaye Paskin, ambaye alizoea kuzungumza na Nongoloza kwa utulivu, na kwa njia ya mazungumzo hayo yule mfalme wa waasi, aliyekuwa sasa na umri wa miaka 45, akakubali kueleza habari zake zote. Ushahidi wake uliandikwa Desemba 1912, nao ndio asili ya karibu yote tunayoyajua juu yake: farasi aliyepotea, wazungu wa njiani, vilima, jina la Ninawi. Mwishoni mwa maelezo hayo alisema kwamba sheria mpya na utawala mpya wa magereza vimembadili moyo, na kwamba yu tayari kwenda popote atakapotumwa akawaambie watu wake waache.

Ahadi hiyo haikubaki maneno. Serikali ilimfanya askari wa magereza, ikampeleka katika gereza la Cinderella huko Boksburg, kando ya mgodi uliokuwa ukitumia kazi za wafungwa, na huko akawaambia wale waliomwita mfalme kwamba yeye si mfalme tena. Wapo waliomwona msaliti, na katika magereza neno hilo ni hukumu ya kifo. Walakini alidumu katika njia aliyoishika. Aliishi miaka mingi baada ya hapo, akazeekea Pretoria, na huko akafariki mwaka 1948.

Inafaa tusimame hapa tulitafakari tukio hili, kwa sababu ndani yake yamo mambo matatu ambayo kila atakaye kuwasaidia waliotoka gengeni huyakuta, awe Afrika Kusini au kwingineko. La kwanza ni kwamba alitokea mtu wa upande wa pili aliyezungumza naye kwa staha. Paskin hakuwa na elimu ya nafsi za watu iliyoandikwa vitabuni, bali alikuwa na subira ya kusikiliza, na mtu ambaye toka siku ya farasi hakupata kusikilizwa na mwenye mamlaka yoyote, alipopata sikio alisema yote. La pili ni kwamba toba yake ilipewa kazi ya kufanya. Angeambiwa atubu kisha aachwe katika chumba kile kile na watu wale wale, asingeliweza kuwaacha hata angetaka, kwani mtu haachi cheo ila kwa kupata mahali pengine pa kusimama. La tatu ni kwamba aliaminiwa kabla hajathibitisha kwamba anastahili kuaminiwa, na amana ya namna hiyo, ingawa ni hatari, ndiyo inayomfunga mtu mwenye muruwa kuliko pingu.

Lakini yaliyofanywa kwa mmoja hayakufanywa kwa wengine. Mwaka 1913, miezi michache tu baada ya maelezo yale kuandikwa, Bunge la Muungano lilipitisha Sheria ya Ardhi iliyowabana Waafrika katika sehemu ndogo ya nchi yao, na vijana wasiohesabika wakajikuta katika hali ile ile iliyomtoa Mathebula kwao. Sheria za pasi zikaendelea na kukazwa. Kutoka mwaka 1916 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1980 watu waliokamatwa au kushtakiwa kwa sheria hizo wamehesabiwa kuwa zaidi ya milioni 17, na kila mmoja wao aliyelala gerezani alipita katika madrasa ya watu wa Ninawi. Polisi waliwasaka majambazi wa vilimani na wa makampundi ya migodi hata wakamalizika huko nje, ila ndani ya magereza mizizi haikung'olewa. Mwaka ule ule wa 1948 aliokufa Nongoloza, chama cha wazungu kilichoahidi ubaguzi wa rangi kuwa sera ya nchi kilishinda uchaguzi, na magereza yakajaa kuliko wakati wowote uliotangulia.

Ndipo mtu aliyekufa akageuka kuwa riwaya. Wafungwa walisimuliana habari zake kizazi baada ya kizazi, bila kitabu, kwa lugha ya siri iliyochanganya Kizulu, Kiafrikaans na maneno ya migodini, na anayeingizwa katika jeshi sharti aisikie na kuihifadhi. Riwaya huhitilafiana, lakini kiini chake ni hiki: palikuwa na mzee mwenye hekima aitwaye Po, aliyeona vijana wanakwenda migodini wasirudi, akaenda kuchungua akakuta wanakufa ardhini, naye akakaa pangoni akawazuia vijana wapitao wasiende huko, akawafundisha lugha yao na kazi ya unyang'anyi. Wawili wa mwanzo walikuwa Nongoloza na Kilikijan. Waliua ng'ombe dume wa mkulima wa Kikaburu, na sheria za kundi zikaandikwa katika ngozi yake, nakala nyingine ikachorwa juu ya jiwe ambalo baadaye lilivunjika. Kisha wakagombana juu ya jambo la faragha, kama ni halali askari kumfanya kijana mwenziwe badala ya mke, wakatengana. Na kutokana na mtengano huo yakapatikana makundi matatu yaitwayo Namba. Watu wa namba 28 humfuata Nongoloza, nao hudai kupigania maslahi ya wafungwa. Watu wa 27 humfuata Kilikijan, na kazi yao ni kuilinda sheria na kulipiza damu. Watu wa 26 walijiunga baadaye, na kazi yao ni kutafuta mali kwa hila. Aliyemo katika Namba huitwa ndota, maana yake mwanamume. Asiyekuwamo huitwa frans, naye hahesabiwi kuwa mtu.

Sioni haya kusema kwamba ndani ya riwaya hiyo kuna ukweli mzito. Po aliuliza swali la haki, ambalo wakuu wa migodi hawakutaka kuliuliza: vijana wetu wamekwenda wapi? Mtu aliyeitwa kwa nambari ya kifungo, akavuliwa nguo mbele ya wenzake, akaamrishwa na askari ambaye huenda ni mdogo kuliko mwanawe, alipoelezwa usiku kwamba yeye ni askari wa jeshi la kale lililokataa dhuluma, alirudishiwa jaha aliyonyang'anywa mchana. Hiyo ndiyo siri ya kudumu kwa Namba, wala asiyeielewa hataweza kumtoa mtu ndani yake. Lakini katika simulizi hilo linalopokezanwa, la ng'ombe, la ngozi na la pango, Mathebula wa Desemba 1912 hana mahali. Nongoloza wa riwaya huingia gerezani asitoke. Yule wa kweli alitoka, akavaa sare, akaenda Boksburg kuwaambia wenzake waache. Wafungwa walihifadhi mwanzo wa babu yao wakaupoteza mwisho wake, kama vile yeye mwenyewe alivyohifadhi mwanzo wa kisa cha Ninawi akasahau kwamba mji ule ulitubu. Kwa hiyo mtu wa Namba anayetamani kuiacha hupekua riwaya yote aliyoihifadhi asione njia ya kutokea, akadhani kwamba kutoka ni uzushi ambao hakuna ndota aliyepata kuufanya, ilhali wa kwanza kuufanya alikuwa ndota wa kwanza.

Zama za karibu zimeifanya kazi ya kutoka kuwa ngumu zaidi, na mahali pa kuliona hilo ni Cape Town. Mji huo una ada ya kale ya kuheshimu watu waliotoka kifungoni: Tuan Guru, mwanachuoni aliyeletwa na Waholanzi kutoka kisiwa cha Tidore akafungwa katika kisiwa cha Robben, aliuandika Msahafu kwa hifadhi yake akiwa mfungwa, na alipoachiliwa mwishoni mwa karne ya kumi na nane aliwasomesha watumwa na watu huru katika mtaa wa Dorp, na kutokana na kazi yake ukapatikana msikiti wa Auwal, wa kwanza katika nchi ile. Hakuwa mhalifu, bali mfungwa wa siasa, na simweki daraja moja na majambazi; namtaja kwa sababu alipotoka alikuta jamaa iliyomhitaji. Karibu karne mbili baadaye jamaa za namna hiyo zilibomolewa kwa makusudi. Mwaka 1966 serikali ilitangaza mtaa wa District Six kuwa wa wazungu peke yao, na katika miaka iliyofuata watu wapatao 60,000 walihamishwa, nyumba zao zikabomolewa kwa tingatinga, wakatupwa katika nyanda za mchanga na upepo ziitwazo Cape Flats. Majirani wa miaka 50 walitenganishwa, nyanya akapelekwa huku na wajukuu kule, na vijana waliokosa wazee wa kuwakemea mtaani wakajifanyia ukoo wao pembezoni mwa majumba, ambao ni magenge.

Mwanzoni sheria ilikuwa kwamba Namba ni ya gerezani, na anayetoka huiacha mlangoni. Kuanzia miaka ya 1980 na 1990, fedha za madawa ya kulevya zilipozidi, magenge ya mitaani kama Americans na Firm yalijitwalia jina na alama za 26 na 28, na mpaka kati ya ndani na nje ukafutika. Mtu anayeachiliwa leo kutoka gereza la Pollsmoor, chini ya milima ya Tokai, hukutwa langoni na watu wale wale aliowaacha ndani. Namba imechorwa juu ya ngozi yake kwa sindano na masizi, mara nyingi shingoni na usoni, hata hawezi kusimama mbele ya mwajiri pasipo historia yake kumtangulia kusema. Mtoto aliyemwacha mchanga sasa ni kijana, mke amekwisha kuolewa na mwingine, na mama aliyekuwa akimletea sabuni na tumbaku amezikwa yeye asihudhurie mazishi.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, baada ya uhuru wa mwaka 1994, alikuwapo Pollsmoor mkuu mmoja wa magereza, Johnny Jansen, aliyewaamuru askari wake waache kutegemea marungu na mbwa wazungumze na wafungwa, akafungua milango kwa watu wa kituo cha usuluhishi wa migogoro cha Cape Town. Mmoja wao, mwanamke aitwaye Joanna Thomas, aliketi duarani na wakubwa wa Namba, watu wenye mauaji mikononi, akawataka waseme habari za utoto wao. Na wale waliokuwa wamezoea kusimulia habari za Nongoloza na Kilikijan, kwa mara ya kwanza wakasimulia zao wenyewe. Hakuna aliyewajulisha, wala hawakuhitaji kujua, kwamba walikuwa wakirudia alichofanya Paskin miaka 85 na zaidi iliyotangulia. Mwandishi Jonny Steinberg alifuatana na mmoja wa watu wa 28 wa gereza hilo, aliyetumia sehemu kubwa ya umri wake kifungoni, na katika kitabu The Number cha mwaka 2004 akaeleza jinsi mtu huyo alivyoamua katika utu uzima kuivua Namba, akaanza kuulizia jina lake la haki kati ya majina mengi aliyoyatumia, akajaribu kuwa baba wa watoto wasiomjua, akatoka kifungoni mwaka 2003 akaikuta nyumba ndogo iliyobanana na kazi isiyokuwapo. Anayekisoma hudhani mwanzoni kwamba hatari kubwa ya mtu huyo ni kisu cha wenzake aliowaacha. Kumbe hatari kubwa ilikuwa siku moja baada ya nyingine zisizo na kazi, ambazo humkumbusha mtu aliyekuwa na cheo kwamba sasa hana chochote.

Kwa upande wa sheria nchi hiyo imesema maneno mema. Sheria ya Huduma za Magereza ya mwaka 1998 na waraka wa sera wa mwaka 2005 zinaliwekea gereza lengo la kumrekebisha mfungwa na kumrudisha katika jamii. Shirika liitwalo NICRO, ambalo lilianza mwaka 1910 kama chama cha kuwasaidia wafungwa, miaka miwili kabla ya toba ya Nongoloza, lingali likifanya kazi hiyo. Lakini maneno mema hayafungui nafasi katika chumba kilichojaa. Jaji Edwin Cameron wa Mahakama ya Katiba alipozuru Pollsmoor Aprili 2015 alikuta sehemu ya mahabusu ikiwa na watu karibu mara tatu ya nafasi yake, wengine wakilala wawili au watatu kitanda kimoja, na Desemba 2016 Mahakama Kuu ikaiamuru serikali iwapunguze wasizidi asilimia 150 ya nafasi. Yalikuwa mazingira yale yale ya mwaka 1908, na jeshi lile lile lilikuwa likiandikisha vijana ambao hawajahukumiwa kwa kosa lolote. Sheria ya mwaka 2008 inaruhusu makosa madogo yafutwe katika kumbukumbu baada ya miaka 10, lakini aliyetumikia kifungo hasa kwa kawaida hanufaiki nayo. Naye anarudi katika nchi ambayo karibu theluthi moja ya watafuta kazi hawaipati, na anaposimama kwenye foleni huwa wa mwisho.

Kwa maoni yangu, basi, tarihi hii inatufundisha tusiseme kwamba watu wa magenge hawabadiliki, kwa sababu mwasisi wao alibadilika, na habari zake zimo katika nyaraka za serikali tangu mwaka 1912. Wala tusiseme kwamba hubadilika kwa mahubiri tu. Mathebula aliingia uasini kwa kunyimwa insafu katika jambo dogo, akatoka kwa kusikilizwa, kuaminiwa na kupewa kazi, na ndiyo mambo ambayo taifa zima lingeweza kumpa kila mmoja wa maelfu wanaofunguliwa milango ya magereza kila mwezi, lakini lilimpa yeye peke yake kwa kuwa alikuwa mfalme na lilimwogopa. Wapo wanaokereka kuona mkosaji akitafutiwa kazi ilhali vijana wasio na kosa hawana, na malalamiko yao ni ya haki. Lakini jibu lake ni kuwatafutia wote wawili, kwani kijana aliyenyimwa ndiye mfungwa wa kesho, na mkosaji aliyenyimwa ndiye mwalimu atakayempokea gerezani. Na wale walimu, wazee wa Namba walioichoka, wanastahili kuambiwa na wakuu wa magereza, na maimamu na mapadri wanaowazuru, na watoto wao pia, kwamba kutoka si kumsaliti Nongoloza. Ni kumfuata hadi mwisho wa njia yake.